Nywele za Mawimbi: Tuzitunze Jinsi Zilivyo

Jumapili iliyopita mke wa koplo mmoja, jirani yetu hapa kambini, alibisha hodi mlangoni kwangu akiwa amemshika mkono binti yake wa miaka kumi. Katika mkono wa pili alishika kopo la dawa ya kunyoosha nywele. Baada ya kuamkiana alinieleza haja yake. "Mwalimu," alisema, maana majirani huniita hivyo hata sasa ingawa niliacha darasa na kuingia ofisini, "nywele za mtoto huyu zimenishinda. Si za kipilipili nikazisuka zikashika, wala si za singa nikazichana zikalala. Kila asubuhi ni kilio. Nisaidie kumpaka dawa, tupumzike sote wawili."

Nilimwomba aliweke lile kopo juu ya meza, akae, anywe chai kwanza. Kisha nikamsimulia habari ambayo kwa miaka mingi sikumwambia mtu yeyote nje ya jamaa zangu. Leo nawasimulia ninyi pia, kwa kuwa naamini katika kambi zetu za jeshi na za polisi wako akina mama wengi wanaosimama pale niliposimama mimi mwaka 2018.

Kosa langu mwenyewe

Mwaka huo mume wangu alikuwa Somalia pamoja na jeshi la kulinda amani la Umoja wa Afrika, ambako Uganda ilianza kupeleka askari wake mwezi wa Machi 2007. Mimi nilibaki kambini na watoto watatu. Binti yetu wa pili, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, alizaliwa na nywele za bibi yake mzaa baba, ambaye ni Mnubi wa Bombo: nywele nyeusi, laini, zenye kujipinda kama maji ya ziwa yanapopigwa na upepo. Shule aliyosoma iliruhusu wasichana kufuga nywele mradi zifungwe vizuri. Nami nilitakiwa kuwa kazini saa mbili kamili. Kila asubuhi nilimvuta kwa kitana chenye meno madogo, nywele zikiwa kavu, mtoto akilia, nami nikifoka.

Siku moja baba yao aliomba tumpelekee picha ya watoto. Nilitaka picha hiyo iwe nzuri, na kwa akili yangu ya siku zile uzuri ulikuwa ni nywele zilizolala. Nikanunua sokoni dawa iliyopimwa kutoka katika kopo kubwa, isiyo na karatasi ya maelezo. Jumamosi nikampaka mtoto kichwa kizima, nikamwambia avumilie. Hazikupita dakika tano simu ikalia. Alikuwa ni baba yao, akipiga kutoka Mogadishu baada ya majuma mawili ya kimya. Nikatoka nje nipate kumsikia vizuri. Tulizungumza habari za karo, za paa linalovuja, na za afya ya mama yake. Niliporudi ndani nilimkuta mtoto amekaa palepale kitini, amefumba macho, machozi yakimtoka bila sauti, kwa sababu nilikuwa nimemwambia avumilie.

Nilipomwosha, nywele zilitoka pamoja na maji. Ngozi juu ya panja la kushoto ilikuwa imeungua. Badala ya kuendelea kummwagia maji mengi na kumkimbiza zahanati, nikampaka mafuta ya mgando, jambo ambalo halikufaa hata kidogo. Vidonda vilichukua mwezi mmoja na nusu kupona. Sehemu kubwa ya nywele ilirudi. Lakini juu ya panja pana doa lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi mia tano ambalo halijaota unywele hata leo, wala halitaota, kwa maana kovu limeviharibu vifuko vya nywele. Ile picha haikupigwa.

Mimi niliyesomea ualimu, niliyewafundisha watoto wa watu kuuliza "kwa nini", sikujiuliza swali lolote juu ya kitu nilichokipaka katika kichwa cha mwanangu. Yafuatayo ni majibu niliyoyapata baadaye, mengine kwa kusoma, mengine kwa wauguzi, na mengine kutoka kwa bibi wa mtoto mwenyewe.

Kwa nini nywele hujipinda

Unywele huota kutoka katika kifuko kidogo kilichomo ndani ya ngozi ya kichwa. Kifuko kikiwa kimenyooka, unywele hutoka umenyooka. Kikiwa kimepinda, unywele hutoka umejipinda. Kadiri kifuko kinavyopinda zaidi ndivyo unywele unavyojikunja zaidi. Kati ya nywele za singa na nywele za kipilipili ndipo zilipo nywele za mawimbi. Katika sehemu zetu za Afrika huonekana kwa Wasomali wengi, kwa Wahabeshi, kwa watu wa pwani waliochanganya damu, na mara nyingine katika nyumba ambayo hakuna aliyezitarajia, kwa kuwa mtoto huweza kurithi kichwa cha babu ambaye hakumwona.

Kutokana na maelezo hayo tunajifunza jambo la kwanza: hakuna mafuta wala dawa iwezayo kubadili umbo la unywele ambao bado haujaota. Dawa hubadili ule tu uliokwisha kutoka. Unaofuata, kwa kadiri ya sentimita moja kila mwezi, hurudi na mawimbi yake. Mwenye kutia dawa leo atalazimika kuitia tena baada ya majuma machache, na tena, mpaka achoke yeye au kichoke kichwa.

Jambo la pili linahusu mafuta ya asili. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe. Katika unywele ulionyooka mafuta hayo huteremka kwa urahisi hadi kwenye ncha. Katika unywele wenye mawimbi hukwama njiani penye kila kona. Kwa hiyo nywele hizi huwa na tabia mbili kwa wakati mmoja: penye mizizi zina mafuta, penye ncha zina kiu. Akina mama wengi hukosea hapa. Hupaka mafuta mengi utosini, mahali pasipohitaji, wakaziacha ncha zikikatika kwa ukavu.

Jambo la tatu linahusu maji. Unywele ukilowa hulainika na kukubali umbo jipya, na ukikauka hulishika umbo hilo hadi utakapolowa tena. Basi anayetaka kuzipanga nywele za mawimbi azipange zikiwa na unyevu, wala hahitaji pasi ya moto. Lakini unywele uliolowa huvutika sana na kukatika upesi, na kwa sababu hiyo haufai kupigwa kwa kitana chenye meno madogo.

Wengine waliteseka ili wazipate

Inafaa wasichana wetu wajue kwamba nywele tunazotaka kuziunguza ni zile ambazo wengine waliungua kwa kuzitafuta. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, mjini London, Mjerumani mmoja kwa jina Karl Nessler alionyesha hadharani njia yake ya kuwatia mawimbi wanawake wenye nywele zilizonyooka. Nywele zilizungushwa katika vyuma vya moto na kupakwa dawa, na kazi moja iliweza kuchukua saa sita. Aliyejaribiwa kwanza alikuwa mkewe mwenyewe, naye aliunguzwa nywele na ngozi kabla mumewe hajafaulu. Wanawake wa Ulaya wakalipa fedha nyingi ili watoke na mawimbi ambayo binti yangu alikuwa nayo tangu tumboni mwangu, bila kulipa hata senti.

Kuosha

Nywele za mawimbi zioshwe mara moja kwa juma. Anayetoka jasho sana, kama askari aliye mazoezini, anaweza kuosha mara mbili. Najua kwamba katika kambi nyingi bomba ni moja na foleni ya madumu ni ndefu. Ndoo moja yatosha, ikitumiwa kwa mpango huu.

Kwanza, fumua nywele zote na kuzitenganisha kwa vidole, ukianzia kwenye ncha na kupanda polepole kuelekea mizizini. Pili, zilowanishe kwa kopo mbili za maji. Tatu, chukua shampuu kidogo, uichanganye na maji katika kikombe, kisha umimine mchanganyiko huo kwenye ngozi ya kichwa na kusugua kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Povu linaloteremka latosha kusafisha ncha. Nne, suuza mpaka utelezi uishe.

Sabuni ya mche tunayofulia nguo haifai. Sabuni hiyo ni kali. Huuacha unywele mgumu na kuufanya ushikamane na wenzake. Ikiwa siku hiyo huna nyingine, suuza kwa mara ya mwisho kwa maji lita moja yaliyotiwa siki kijiko kimoja, ukiyaepusha na macho, na ukali wa sabuni utapungua.

Kukausha nako kuna adabu yake. Taulo nzito ikisuguliwa kichwani huzivuruga nywele zikasimama kama nyasi. Chukua fulana ya zamani ya pamba, uzikamue nywele kwa kuzibana, kisha uziache zikauke kwa hewa.

Kuchana na kupaka mafuta

Nunua kitana chenye meno mapana. Bei yake ni ndogo, na hudumu kwa miaka. Gawa nywele katika mafungu manne. Shika fungu moja kwa mkono wa kushoto karibu na ngozi, ili mvuto usifike mizizini, kisha chana kwa mkono wa kulia kuanzia ncha. Fundo likikataa, lifungue kwa vidole na tone la mafuta. Anayeanzia juu huzikusanya fundo ndogo kumi na kuzifanya fundo moja kubwa, na hapo ndipo kilio kinapoanzia.

Kuhusu mafuta, hatuna sababu ya kutafuta mbali. Katika kaskazini ya nchi yetu, wanawake wa Acholi na Lango hukamua mafuta kutoka katika kokwa za mti wa yao, nao huyaita moo yao. Mafuta haya ni laini kuliko yale ya mti wa namna hiyo yanayotoka Afrika Magharibi, nayo huyeyuka upesi kiganjani. Mafuta ya simsim na ya nazi yanafaa pia. Lakini kumbuka kwamba nywele za mawimbi hulemewa upesi. Kiasi cha punje moja ya mahindi chatosha kwa fungu moja. Yasugue viganjani mpaka yapotee, kisha uyapitishe kuanzia katikati ya unywele hadi ncha. Ukiona wimbi limelala na nywele zinang'aa kama zilizomwagiwa maji, umezidisha.

Wakati wa kulala, funga kichwa kwa kitambaa chenye utelezi. Huhitaji hariri ya bei kubwa. Muulize fundi cherehani akuuzie kipande cha bitana. Mto wa pamba hunyonya mafuta na kuzisugua nywele usiku kucha.

Mitindo isiyoumiza

Somo kubwa nililolipata kwa mama mkwe ni kwamba kazi ya nywele ni ya jioni, si ya asubuhi. Jioni mama hana haraka, mtoto amekaa, na redio inazungumza. Nywele zikiwa na unyevu kidogo, zisukwe songo mbili zisizobana, au zisokotwe fungu mbilimbili, kisha zifungwe kitambaa. Asubuhi zifumuliwe kwa vidole; mawimbi yatakuwa yamejipanga sawasawa, na kazi yote haizidi dakika tano. Anayetaka mawimbi mapana asuke songo moja. Anayetaka madogo asuke nne au sita.

Kwa siku za shule, songo mbili zenye kuteremka nyuma ya masikio, au mtindo wa twende kilioni uliosukwa kwa mkono mwepesi, wafaa sana. Msusi akimaliza, mwambie mtoto ainue nyusi na kutabasamu. Akishindwa kwa sababu ngozi imevutwa, au vikitokea vipele mstari kwa mstari, msuko huo ufumuliwe siku hiyo hiyo. Na misuko isikae zaidi ya majuma matatu au manne.

Shule nyingi nchini Uganda huwataka wanafunzi wanyoe. Mzazi asione kwamba nywele fupi hazihitaji utunzaji. Nazo zioshwe, zipakwe mafuta kidogo, na mtoto awe na kitana chake peke yake.

Kwa akina dada waliovaa sare

Askari mwanamke mwenye nywele ndefu za mawimbi hupata taabu chini ya bereti. Wengi huzivuta nyuma kwa nguvu na kuzifunga fundo moja, mahali palepale, kila siku kwa miaka. Matokeo yake ni upungufu wa nywele kwenye panja na juu ya paji la uso. Madaktari wanasema kwamba mwanzoni hali hiyo hupona ikiwa mvuto utaachwa. Lakini ukiendelea, vifuko huziba kwa kovu, na nywele hazirudi tena.

Tatizo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 2021 jeshi la anga na jeshi la nchi kavu la Marekani yalilegeza kanuni zao, yakawaruhusu wanawake kufunga nywele kwa mikia na misuko badala ya fundo tu, baada ya kuonekana kwamba mafundo yaliyobana yalileta maumivu ya kichwa na kukatika kwa nywele. Sisi tutafuata kanuni za vikosi vyetu, lakini ndani ya kanuni hizo tunaweza kujihurumia. Fundo liwe chini, juu ya kisogo, ambapo bereti hailigusi. Lifungwe kwa mpira uliofunikwa kwa kitambaa, si kwa mpira mtupu unaokata nywele. Libadilishwe mahali siku kwa siku, leo kulia kidogo, kesho kushoto. Ukitoka kazini, jambo la kwanza baada ya kuvua viatu liwe kulifungua.

Kwa wanaume

Wanaume nao wasidhani kwamba ukurasa huu hauwahusu. Askari mwenye nywele za kujipinda akinyolewa hadi ngozi, hasa kisogoni, unywele unaoota huweza kujirudi na kuingia ndani ya ngozi yake mwenyewe. Hapo hutokea vipele vigumu, na kwa wengine vipele hivyo huungana na kuwa makovu makubwa. Kofia ya chuma na kola iliyobana huzidisha msuguano. Anayeona dalili hizo amwambie kinyozi aache urefu wa milimita chache, wala asikubali wembe kupitishwa kisogoni. Asikamue vipele kwa kucha. Vikiongezeka amwone tabibu wa kikosi mapema.

Mashine ya kinyozi isafishwe kwa spiriti mbele ya macho yako kabla haijakugusa, na wembe uwe mpya. Usione haya kudai hivyo, kwa kuwa damu ya mtu mmoja ikibaki katika wembe huweza kumpelekea mwingine maradhi.

Maradhi ya kichwa

Mba hutibika kwa kuosha mara kwa mara na kwa shampuu maalumu inayouzwa katika maduka ya dawa. Kuujaza mafuta hakuuondoi, huuficha tu. Mapunye, yaani vile viduara vyenye magamba na nywele zilizokatika, ni kuvu. Huambukiza kwa kitana, kofia na mashine ya kunyolea. Wazazi wengi hupaka malimau, majivu au mafuta ya taa. Hayo yote hayafai, na mafuta ya taa ni ya hatari. Kuvu hao huishi ndani ya unywele wenyewe, ambamo dawa ya kupaka haifiki. Kwa hiyo mtoto huhitaji dawa ya kumeza kwa majuma kadhaa, naye akapimwe zahanati.

Mama aliyejifungua asiogope akiona nywele nyingi zikitoka miezi mitatu au minne baada ya kuzaa. Ni kawaida, nazo hurudi zenyewe. Hata mtu mzima asiye na ugonjwa wowote hupoteza kati ya nywele 50 na 100 kwa siku. Lakini nywele zikitoka kwa mabaka, au ngozi ikiwa na usaha, msisubiri.

Dawa ya kunyoosha ni nini hasa

Nyingi miongoni mwa dawa kali za kunyoosha zina sodiamu haidroksaidi, ile ile ambayo watengenezaji wa sabuni huiita kostiki. Nyingine hutumia kemikali za jamii hiyo. Hukata vifungo vilivyomo ndani ya unywele ambavyo maji hayawezi kuvikata, na ndiyo maana unywele haurudii mawimbi yake. Lakini kemikali iwezayo kufanya hivyo haiwezi kutofautisha unywele na ngozi. Dakika chache za kuzidi zatosha kuunguza.

Mwezi wa Oktoba 2022 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanawake 33,497 wenye umri wa miaka 35 hadi 74, waliofuatiliwa kwa karibu miaka 11. Katika muda huo wanawake 378 walipatwa na saratani ya mji wa mimba. Watafiti walikadiria kwamba, kati ya wanawake ambao hawakutumia kamwe dawa za kunyoosha, asilimia 1.64 wangepata saratani hiyo kabla ya kutimiza miaka 70. Kati ya waliozitumia mara nyingi, ilikuwa asilimia 4.05. Uchunguzi huo haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo iliyoleta ugonjwa, nami sipendi kumtisha mtu. Lakini mtu mzima anayejiamulia mambo yake aijue habari hiyo kabla hajajipaka. Mtoto, ambaye hawezi kujiamulia, asipakwe kabisa.

Na ikiwa ajali imekwisha kutokea, fanya hivi: mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kukatiza, ukiinamisha kichwa ili maji yasiingie machoni, usipake mafuta, dawa ya meno wala asali, kisha nenda hospitali ukiwa na kopo la dawa mkononi ili tabibu alione.

Aliporudi baba yao

Bibi wa mtoto alikuja kutoka Bombo juma la pili baada ya ajali. Sikumwita; alisikia kwa watu. Alimtazama mjukuu wake, akanitazama mimi, akauliza maji ya moto yako wapi. Alikaa nasi miezi mitatu. Kila jioni aliketi kwenye mkeka akisuka ukili wa vikapu vyake, na akiisha kuuweka kando humwita mtoto kati ya magoti yake na kuzishughulikia nywele zile chache zilizobaki. Hakunigombeza hata siku moja, jambo ambalo liliniumiza zaidi kuliko kugombezwa.

Mume wangu alirudi mwaka 2019. Nilikuwa sijamwambia katika simu, nilishindwa. Jioni ile mtoto alikuwa amefunga kitambaa, naye alimfungua kwa mchezo, kama alivyozoea. Akaliona lile doa. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nilimwacha hapa akiwa na nywele za mama yangu." Nikamweleza yote, pamoja na habari ya simu. Aliposikia kwamba ilikuwa siku ile aliyopiga yeye, alitoka nje. Mama yake, ambaye alikuwa amekuja kumpokea, alimfuata. Nilimsikia akimwambia, "Mwanangu, mkeo hakukosa kwa chuki. Alikosa kwa kutojua, na sasa amejua. Wewe unajua kumchana mwanao?" Akajibu kwamba hajui. "Basi ingia ndani ukajifunze."

Aliingia. Jioni hiyo alikaa nyuma ya mtoto na kitana chenye meno mapana, akianzia ncha, mama yake akimwelekeza. Siku ya tatu akampiga picha yeye mwenyewe, nywele zikiwa zimepasuliwa upande wa kulia na kuangushwa juu ya panja la kushoto, ndivyo anavyozipanga hata leo. Sasa ni msichana wa sekondari na nywele zake hunyolewa fupi kwa kanuni ya shule, doa likiwa wazi kwa kila mtu. Wenzake wakimwuliza, huwaeleza. Ni yeye aliyeniruhusu kuandika makala haya. Alisema labda mtoto mmoja ataokoka.

Mke wa koplo aliisikiliza habari hii hadi mwisho, chai ikapoa. Kisha tukamweka binti yake kwenye mkeka, tukamgawa nywele mafungu manne. Ilituchukua dakika 40, wala hakulia. Jana nilimwuliza mama yake habari za asubuhi, akanijibu kwamba sasa wanachelewa kwa sababu nyingine, kwani mtoto hatoki mbele ya kioo.

Lile kopo bado liko kwangu, juu ya kabati. Ameniambia nisimrudishie.